Mwalimu Fakhria na Waliopisha Njia

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Fakhria Majid anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha maendeleo ya jamii chuoni kwetu, hapa Tabora. Karibu miaka yote hiyo alitutishia kwamba anaacha kazi kesho.

Marehemu baba yake, mfanyabiashara wa mjini, alimtaka akae dukani. Alikaa wiki moja tu, akibishana na wateja kama kweli wanahitaji wanachonunua. Mzee akamruhusu haraka akasome.

Darasani swali lake la kwanza lilikuwa: maendeleo ni nini? Aliyejibu lami, umeme na bati alipata nusu ya alama, akaambiwa nusu nyingine akaitafute kwa watu. Sisi wenzake tulidhani ni maringo ya wasomi wa falsafa. Kumbe swali lile lilimuuma mwenyewe.

Lilianzia kijijini Usoke. Akiwa bado mgeni kazini, alikisaidia kikundi cha akina mama kupata mashine ya kusaga. Siku ya uzinduzi ngoma ilichezwa, ubwabwa ukapikwa, vinu vikageuzwa viti. Mama Koleta pekee alikaa pembeni. Mjane huyu aliishi kwa kuwatwangia wenzake mahindi kwa ujira wa kibaba cha unga. Mwalimu akamwamkia, akamuuliza mbona hachezi.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Maendeleo yamefika, nami nimeyapisha njia."

Mwalimu hakula ubwabwa, na sote tunajua anavyoupenda. Aligoma kurudi mjini mpaka kikundi kikae kikao. Kilikuwa kikao cha moto, maana wapo waliosema mashine haikuja kulea wajane. Akawauliza, "Ikiwa mmoja amepunguziwa mzigo na mwingine amenyang'anywa mlo, tumeendelea sisi au imeendelea mashine?" Mwishowe Mama Koleta akakabidhiwa kazi ya kusimamia foleni na kupima nafaka, kwa ujira. Tangu hapo hakuna anayeruka foleni pale, hata mwenyekiti wa kijiji.

Mwezi uliopita, tukipanga sherehe hii ya kumuaga, Mwalimu alikuwa akitutania kama kawaida, kisha akaacha utani. "Haya," akasema, "sasa ni zamu yangu kupisha njia." Tulihuzunika, tukaendelea kuandika majina ya waalikwa.

Jibu lilitoka Usoke. Tulipompelekea Mama Koleta mwaliko, alisema miguu imegoma kusafiri. Akatupatia mfuko wa unga na maneno haya: "Mwambieni asipishe njia. Asogee kidogo tu, tupite sote."

Tumemsikia. Mwalimu, mjadala wa wanafunzi unaouongoza kila Alhamisi bado ni wako hata ukistaafu, na kiti chako hakiguswi. Asante kwa kutusumbua miaka yote hii, tunakupenda. Mungu akujalie afya, usingizi wa asubuhi na ubishi usiopungua.

Alhamisi tunakungoja. Usichelewe kama ulivyozoea.