Punda Aliyehamia Ushorobani

Ubao mrefu wa kukalia ulioegemea ukuta wa kibanda cha fundi baiskeli, hapo ndipo dunia inapotengenezwa kila asubuhi kabla baiskeli hazijatengenezwa. Kahawa huletwa na Kinyozi, kwa birika lake lililopinda mdomo. Maneno kila mtu huja na yake. Mwenye kibanda anaitwa Breki, kwa sababu akianza kusema hana hata moja. Lakini asubuhi hiyo, jamani, Breki alikuwa kimya. Alikuwa amekodolea macho tairi moja tangu kikombe cha kwanza, na tairi lenyewe halikuwa na pancha.

Sababu aliijua, na wenzake wawili waliijua. Asiyeijua ni mkewe. Katikati ya mashamba ya kijiji kuna uwazi ambao punda milia hupita kwenda kunywa maji mtoni. Dada mmoja wa idara ya wanyamapori huuita ushoroba, na kijiwe kikamwita yeye Bibi Ushoroba. Kwa muda mrefu amewaomba wakulima wauache wazi, wapande mkonge pembeni, wanyama wapite na maharage yabaki. Kwenye mkutano wa kijiji Breki ndiye aliyempinga kwa kelele kuliko wote. Pazibwe kwa waya, akasema, punda milia wakatafute mto kwingine. Akajitolea koleo lake la kukazia waya, maana kijiji kizima hakuna jingine la maana. Kazi ilikuwa ifanyike jioni hiyo.

Sasa, kabla ya waya, kijiwe kilipatwa na akili. Breki alikuwa amesikia kwamba kundi la punda milia humfuata kiongozi. Basi, akasema, tuwape kiongozi. Wakamchukua punda wa mkewe, yule wa kubeba madumu ya maji, wakampaka milia ya chokaa mgongo mzima, wakamwachia penye maharage yanayoliwa. Hesabu yao ilikuwa hivi: punda huyu anajua njia moja tu, ya mtoni. Atakwenda mtoni, kundi litamfuata, na huko huko litabaki. Kundi lilipomwona likashtuka, likatimua mbio, na aliyemfuata mwenzake ni punda. Tangu juzi hajarudi. Mke wa Breki kaambiwa punda ameazimwa kusomba mchanga, naye anabeba maji kichwani. Alfajiri Breki alimsikia akitua ndoo na kuguna, akajifunika shuka hadi utosini. Aliona aibu, lakini aibu haijawahi kumtoa mtu kitandani.

— Mie nadhani, akasema hatimaye, huo waya usubiri kidogo.

Waziri, muuza mitumba aliyepewa jina hilo kwa wingi wa ahadi zake, akashusha kikombe.

— Usubiri? Si wewe uliyesema ama zao ama zetu?

— Nilisema kwa hasira. Tukiziba leo, punda anabaki upande ule. Shemeji yenu atabeba maji mpaka lini?

— Wahenga walisema punda afe mzigo ufike, akasema Kinyozi. Hapa punda kafika, mzigo uko kichwani kwa shemeji.

Kinyozi akaendelea kwamba, kwa maoni yake, punda hakupotea, amekwenda likizo, na mwenda likizo hurudi akiishiwa. Waziri akapinga. Yule ni mpelelezi, akasema. Anajua ua lipi lina tundu na nani halindi shamba lake, na usiku huu anawachorea wenzake ramani. Kinyozi akaona asipitwe. Akasema shida si upelelezi, shida ni ndoa. Punda atarudi na wakwe, na watoto wenye milia nusu, halafu tuone hao ni mali ya Breki au mali ya wanyamapori. Waziri akasema hao watadai kiti mkutanoni, na kwa vile mgeni njoo mwenyeji apone, bila shaka watapewa uenyekiti.

Siku nyingine Breki ndiye angekuwa anaongoza upuuzi huo. Leo alicheka kwa mdomo tu. Alikuwa anawaza watu watakavyokuja jioni kuulizia koleo, na atakavyosimama mbele yao kuwaambia kwamba uwazi alioutukana hadi sauti ikamkauka, sasa anauhitaji.

Hapo ndipo Bibi Ushoroba alipotokea akikokota baiskeli, mnyororo umekatika. Akasalimia, akaegemeza baiskeli, akakataa kahawa.

— Nimemwona mwenzenu, akasema.

Hakuna aliyeuliza mwenzetu yupi. Akawaeleza kwamba yule punda yuko karibu na mto, mzima, chokaa imeanza kubanduka, anatembea nyuma ya kundi kama aliyechelewa shule. Alijaribu kumfuata na kamba, punda akakimbia. Hakuwasuta, na hilo likamuuma Breki kuliko matusi. Akainama kwenye mnyororo ili asitazamwe usoni.

— Kwa kamba hamumpati, akasema yule dada. Ila punda wa nyumbani akiitwa na sauti anayoijua, hugeuka. Huyu mnamwitaje?

Kinyozi akamtazama Waziri, Waziri akatazama birika. Breki humwita wewe. Akikasirika humwita toka. Lakini mkewe, kila alfajiri, huongea na mtu pale uani akifunga madumu, kwa sauti ya chini, huku anacheka. Miaka yote Breki alidhani ni jirani.

— Jaribu Punda, akasema Waziri.

— Nimeshajaribu.

Breki akamaliza kuunga mnyororo, akafuta mikono, akaliingiza koleo kibandani na kufunga kufuli. Akashika njia ya nyumbani. Njiani alitafuta namna ya kuuliza jina bila kutaja chokaa, asiipate. Alipofika mkewe alikuwa anatua ndoo. Akamwambia yote, bila kupumua, mlia mmoja baada ya mwingine. Kisha akamuuliza.

— Mama watoto, yule punda anaitwa nani?

Mkewe akanyoosha shingo polepole, akaisugua.

— Miaka yote anakubebea maji ya kuoga, leo ndio unataka jina lake?

Mkewe hakumwambia. Akavua ndara, akavaa raba, akashika njia ya ushorobani mwenyewe. Breki akamfuata nyuma na ndoo tupu mkononi, kwa kuwa alishaambiwa kwamba maji ya jioni bado, na kwamba akitazama vizuri ataona na yeye kichwa cha kubebea anacho.