Mvua Inayotoka Chini

Ndani ya basi la asubuhi, mbele yangu, mwalimu wa jiografia alikuwa anasahihisha madaftari. Jirani yake, fundi wa kushona sare za shule, alikuwa anamsahihisha yeye. "Ziara, ziara! Wanangu huniletea matope tu. Hayo maporomoko ya maji si yamo kitabuni?"

"Yamo, dada. Nayafundisha mwaka wa ishirini na mbili huu. Juzi juzi mtoto karudi ziarani, kaandika kwamba pale mvua hutoka chini ikapanda juu. Nikampa kosa. Kesho yake darasa zima likaniapia ni kweli, walilowa mpaka soksi."

Fundi akacheka. "Kwani wewe ulikuwa wapi?"

"Lazima mwalimu mmoja abaki na watoto ambao wazazi wao hawakusaini fomu. Kila mwaka nabaki mimi."

Fundi akashusha sauti, jambo ambalo sote tulikuwa tumeshalikatia tamaa. "Fomu ya mwanangu sikuisaini, nimeichorea kola ya sare," akasema taratibu, "nikaikata."

Basi likasimama. Mwalimu akakusanya madaftari yake.

"Hivi mwalimu, hiyo mvua ni ya baridi?" fundi akauliza.

"Hata mimi huwa nawauliza watoto," akasema, akashuka.