Mheshimiwa Ahamia Kwake

“Mheshimiwa, mimi nina mvi na bado nalala kwenye kijumba cha ujana, uani kwa baba, kwa sababu yako,” alisema Wesley. Kwa desturi, kaka mkubwa asipotoka kujenga boma lake, mdogo naye hatoki. Marehemu Nicodemus Obala, wakili na mbunge, alimjibu ndugu yake vile alivyozoea kortini: “Naomba kesi iahirishwe.” Kila Krismasi maneno yalikuwa hayo hayo.

Alizaliwa Mbita tarehe 14 Aprili 1962, na kilio chake kiliwahamisha viboko wote wa ufuoni. Walivukia Tanganyika na hawajaomba kurudi. Alisoma Mbita, kisha Homa Bay, akamaliza masomo ya sheria Nairobi mwaka wa 1987.

Ofisi yake ilikuwa Migori, nyuma ya duka la nguo la Hamud. Wachimba dhahabu wawili wa Osiri walipogombania mashimo yaliyokutana chini kwa chini, aliteremka na suti yake akawasikiliza huko huko gizani. Walipanda wameshikana mikono, na tai ya wakili haina hata vumbi. Asiyeamini amwulize Hamud, ndiye aliyemuuzia.

Mwaka wa 1991 alimwoa Mwalimu Mellen. Katika kampeni za 2013 mpinzani wake alitangaza, “Huyu anataka kutunga sheria za nchi, na kwao hana hata mlango.” Watu wakacheka, yeye akacheka kuwapita, wakampa kura. Mellen hakucheka. “Nikifa kesho, utanizika uani kwa nani?” alimwuliza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2023. Januari 2025 alisema kesi sasa isikizwe. Kama desturi ya kuanzisha boma inavyotaka, baba yake mdogo, Caleb, aliwatangulia hadi kiwanjani, Bravin, kifungua mimba, ameshika shoka, Mellen amebeba moto. Mheshimiwa, ambaye kikombe cha chai kilimshinda, alimpakata jogoo mwenyewe. Nyumba ya mabati ilisimama siku hiyo hiyo. Ndimo alimofariki tarehe 9 Mei 2025.

Ameacha mjane, Mellen, watoto, Bravin na Dorine, wajukuu wanne, na ndugu yake Wesley.

Asubuhi ya mwisho alikuwa akimlalamikia Mellen kuhusu dirisha lililokaa upande. “Huyo fundi nitamshtaki, na nitamwambia hakimu kwamba—”

“Hodi hapa kwa kaka,” Wesley alisema, akaingia, mikono imejaa udongo wa nyumba yake mwenyewe.

Mheshimiwa akampisha kiti.

Alale kwa amani, kwake.