Jina Lililokosekana Chini ya Mto

Mheshimiwa Meya wetu, Bi. Rosaura, Padre Gaspar, uliyetuazima ukumbi huu na ambaye nakuona unatazama saa, Don Eutimio, mwalimu wetu, ambaye leo ndiye tunayemuaga, wanachama wa Chama cha Watengeneza Mapango ya Krismasi, na ninyi majirani mlioacha nyumba zenye moto mkaja kukaa na sisi kwenye baridi hii: habari za jioni, na karibuni sana.

Mimi ni Visitación, mama yake Amparo. Wengi mnanijua kwa kroketi zangu, vile vitonge vya kukaanga, si kwa maneno. Don Eutimio aliponiomba nizungumze nilimwambia, "Shule niliiacha mapema, kamwombe mwalimu mkuu." Akanijibu, "Mwalimu mkuu atanisifu. Wewe utasema ilivyokuwa." Basi nitasema ilivyokuwa, na ameyataka mwenyewe. Na mkisikia harufu ya kuungua, aliye karibu na mlango wa jikoni akazime jiko, asinisubiri.

Ndugu zangu, ni nani hapa ambaye hajawahi kusimama mbele ya mto mdogo wa Don Eutimio, ule wa kwenye sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, akataka kutia kidole? Milima tunaweza sote. Ukipata gome la mti wa vizibo na gundi, mlima unao. Lakini maji, yale maji yanayoonekana yameloa na kumbe ni makavu kama meza hii, hayo yalikuwa yake. Na hakuyaficha, au ndivyo tulivyodhani. Kila Alhamisi jioni, miaka nenda miaka rudi, alimfundisha yeyote aliyeingia mlangoni: namna ya kuchanganya ile dawa, kuimimina taratibu, kuiacha ikauke iwe kama kioo. Hakudai hata senti. Alichodai ni kanuni moja, aliyoiandika kwa mkono wake akaipigilia mlangoni: ukiiga, andika umeiga kwa nani. Ndiyo maana chini ya kila kazi yetu kuna kikaratasi. "Paa la nyumba: nimejifunza kwa Crispín." "Mitende: nimejifunza kwa Padre." Padre, mitende yako inafanana na mafagio, lakini imeigwa, na jina lako lipo.

Sasa mimi ni mtu wa jikoni, na jikoni tunalijua jambo moja. Wifi yangu, ambaye yuko meza ya nyuma na anajua ni yeye ninayemsema, alinipa namna ya kupika uji wake wa maziwa na mayai, neno kwa neno. Nimeupika mara ngapi? Haujawahi kuwa kama wake. Mpaka siku nilipoingia kwake bila kubisha nikamkuta ametia ganda la limau. "Kumbe limau," nikamwambia. "Hukuuliza," akasema. Je, huko ni kufundisha?

Shikilieni hilo limau, nitalirudia.

Amparo wangu alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Usinikodolee macho, mwanangu, nimekuomba ruhusa na ukanipa nusu. Alifunga mlango wa chumba, na mimi nikawa mtu wa kusimama nje nimeshika sahani ya supu inayopoa. Mama aliyepitia hayo ananielewa. Mlango ule ulikuwa unafunguka Alhamisi tu. Alhamisi alichana nywele, akaja hapa, akarudi na gundi vidoleni na hadithi mdomoni. Niliipenda gundi ile, wala sikumgombeza hata alipoharibu kitambaa changu cha meza.

Mwaka jana akatengeneza pango lake la kwanza peke yake, lenye wanawake wanaofua mtoni. Akamimina maji majira ya joto, kama alivyofundishwa, akaliweka dirishani. Yalikuwa safi kabisa. Tulipolileta hapa Desemba na taa zikawashwa, mto ulikuwa wa njano. Na chini yake, kwa herufi nzuri, kikaratasi: "Maji: nimejifunza kwa Don Eutimio."

Mnakumbuka mlivyocheka. Crispín wa duka la nyama alipaza sauti mpaka mlangoni: "Eutimio, punda wako wamefanya nini humo mtoni?"

Don Eutimio alikuja mbio, uso mwekundu. "Kitoe hicho kikaratasi," akamwambia binti yangu.

"Siwezi, mwalimu. Nimejifunza kwako."

"Hayo si maji yangu."

"Nimefanya kila ulichoniambia. Kama kuna ambalo hukuniambia, hilo siwezi kulijua."

"Kitoe, Amparo."

"Kanuni ni yako, mwalimu. Ipo hapo mlangoni."

Hakukitoa. Lakini usiku ule alikusanya visu vyake vidogo na brashi, akavifunga kwenye taulo, akaniambia, "Mama, Alhamisi siendi tena." Wengine mliona mzaha wa mto wa njano. Mimi niliona ule mlango unafungwa, na safari hii sikujua nani angeufungua. Alhamisi mbili zikapita, chumba kimya. Sikulala, niwaambie ukweli, na mimi nisipolala nyumba nzima hunisikia.

Sikukuu zilipoisha nilikuwa jikoni nafua vitambaa vya meza. Vyeupe, kama mjuavyo, vikianza kuwa vya njano mtu hutia buluu kidogo kwenye maji ya mwisho, ile ya kufulia, vikarudi kung'aa. Mlango ukagongwa. Don Eutimio, kofia mkononi.

Nikamwambia, "Kama umekuja kugomba, futa viatu kwanza."

Akafuta. Akaingia, akatazama beseni langu, na yule mtu mzima akakaa kwenye kiti changu akalia.

"Ni hiyo," akasema.

"Hiyo nini?"

"Hiyo buluu, Visi. Kwenye ncha ya kijiti cha meno, kabla ya kumimina. Basi."

Akaeleza. Mto wake wa kwanza ulikuwa wa njano vilevile. Mkewe, Obdulia, marehemu, aliusogelea akasema, "Shuka zako nazitia buluu. Mto je, una kiburi gani?" Ukawa ndio mto mnaoujua. "Siku zote nilikusudia kusema," akaniambia. "Kisha akafariki. Nikifundisha buluu, itabidi niandike jina lake kwenye kikaratasi, na nikishika kalamu mkono unakataa. Basi nikawa nafundisha yote nikiacha hiyo."

Nilimtilia supu. Na hapo ndipo niliposikia komeo la kile chumba. Amparo alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na nguo za kulalia, kikaratasi mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Akaketi mbele yake. "Mwalimu," akasema, "wewe nitajie tu. Nitaandika mimi."

Akamtajia.

Don Eutimio, umeniambia niseme ilivyokuwa, na umeniruhusu niitaje ile buluu mbele ya watu wote, ili kuanzia leo isiwe ya mtu mmoja. Nimeitaja. Wifi, umesikia jinsi watu wazima wanavyofanya?

Wanachama wameniagiza pia niseme kwamba darasa la Alhamisi halifungwi. Atalishika Amparo. Najivunia, na tayari nina wasiwasi: atakula saa ngapi, atavaa nini kwenye baridi hii, nani atamsindikiza. Mtanisaidia kumwangalia.

Kabla hatujala, Padre atuzimie taa. Don Eutimio, njoo uwashe hii ndogo ya mtoni, kwenye pango jipya la Amparo. Wote mtazame maji kwanza, yalivyo safi, kisha mtazame kikaratasi chini yake. Kwa wale wenye macho kama yangu nitakisoma: "Maji: nimejifunza kwa Eutimio, aliyejifunza kwa Obdulia."

Obdulia alikuwa akikaa safu hii ya mbele, kiti cha pembeni. Asante, jirani. Asante, mwalimu. Nanyi nyote asanteni kwa kunisikiliza kwa upole hivi. Sasa washeni hiyo taa ya mtoni, kroketi zinapoa.