Historia ya Hilario Nedeff, Aliyeipa Diski Yetu Daraja F

Ndugu waombolezaji, majirani wa Garza Mora, wanaushirika na wanachama wa klabu ya sinema, familia imeniomba mimi, Teodoro Nedeff, mdogo wake marehemu, nisimame leo Jumamosi tarehe 3 Agosti 2019 niwasomee maisha ya kaka yangu, nami nimekubali, ingawa wengi wenu mnajua kwamba kwa miaka mitatu kaka na mimi hatukusemezana, na sababu yake mnaijua, kwa kuwa ukumbini mlikuwepo.

Marehemu Hilario Nedeff alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 hapa hapa Garza Mora, mkoani Chaco, katikati ya msimu wa mavuno, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Pencho Nedeff, aliyetoka Bulgaria mwaka 1926 akiwa na miaka kumi na sita, na wa marehemu mama Eulalia Sandoval, mzaliwa wa hapa. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, kwenye bomba la kufyonza, tangu mwaka 1927 hadi kifua kilipomkatalia kusimama, na kila jioni mama alimsubiri mlangoni na kitambaa chenye maji, akamfuta pamba kwenye nyusi, masikioni na shingoni, ndipo akamruhusu kuingia ndani.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1950 hadi 1957, akawa mzuri sana wa hesabu na mbaya sana wa kuimba, akaanza sekondari mwaka 1958, lakini tarehe 9 Juni mwaka huohuo baba alifariki kwa ugonjwa wa kifua akiwa na miaka arobaini na minane, na marehemu akaacha shule ili mimi, niliyekuwa na miaka tisa, niendelee. Hilo sijawahi kulisema hadharani, na nalisema leo nikiwa nimechelewa. Mimi ni mwalimu mstaafu kwa sababu yeye hakumaliza kidato cha kwanza.

Aliajiriwa na ushirika wa pamba mwaka 1960, mwaka 1962 akapelekwa Resistencia kusomea kupanga madaraja ya pamba, akarudi tarehe 20 Desemba 1963 na cheti chake, na kutoka hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2004 hakuna robota lililotoka Garza Mora bila kupita mikononi mwake. Alikaa kwenye dirisha la kusini, ambako jua haliingii moja kwa moja, akaweka sampuli ya mkulima kando ya sampuli ya kiwango, akavuta nyuzi kwa vidole gumba viwili, akaandika kwa penseli nene A, B, C, D, E au F, na nusu zake. Alikuwa anaweza kula nyama choma kwa mkulima Jumapili mpaka akalegeza mkanda, na Jumatatu akampa mkulima huyohuyo D, bila kumwangalia usoni. A aliitoa mara nne katika miaka arobaini na moja, na waliopewa wanazo karatasi zake ukutani hadi leo.

Tarehe 17 Novemba 1970 alifunga ndoa na shemeji yangu Ramona Fretes, wa Corrientes, ambaye siku ya kwanza walipokutana kwenye dansi kaka alimshika mkono wa sweta, akavuta uzi mmoja, akautazama kwenye taa na kumwambia, "Hii ni D nusu," naye Ramona akamjibu, "Na wewe, nani aliyekupanga?" Shemeji anasema yeye alimpa kaka C siku ile na hajawahi kumpandisha, ila alikaa naye miaka arobaini na minane. Walijaliwa watoto wawili, Nélida, aliyezaliwa tarehe 5 Februari 1972, ambaye ni mwalimu Resistencia, na Kiril, aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 1975, fundi wa magari kule Rosario, pamoja na wajukuu watano.

Sasa nifike kwenye ile kazi yake ya pili, ambayo hakulipwa na ndiyo iliyomfanya ajulikane mbali. Mwaka 1988, paa la ukumbi wa Waitaliano lilipokuwa likitengenezwa, yalikutwa makopo ya bati yenye filamu bubu iitwayo Mavuno ya Machi, iliyopigwa mwaka 1928 ndani ya kiwanda chetu na mpiga picha mmoja wa Resistencia, Amadeo Lucchetti, dakika arobaini na mbili, na katika dakika ya kumi na moja yumo baba yetu, kijana wa miaka kumi na minane, anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye bomba, anashika uma wake wa kusukumia pamba, anakohoa kwenye mkono wa shati na kuendelea na kazi. Picha hiyo ikatolewa kwenye kanda ya video mwaka 1991, kisha kwenye diski mwaka 2006, na kila ilipotoka, marehemu aliipanga daraja kama pamba. Aliiweka televisheni karibu na dirisha la kusini la nyumba yake, akazima sauti ili kinanda walichoongezea kisimhonge, akashika mkononi kipande cha filamu yenyewe, urefu wa mkono, alichopewa na klabu, akakiinua kwenye mwanga na kukilinganisha na kioo, na hukumu yake aliibandika kwenye mlango wa klabu, kwenye karatasi zilezile za kiwandani.

Kanda ya mwaka 1991 aliipa E, kwa sababu picha ilipepea kama shuka kwenye kamba na weusi wote ulikuwa umekuwa kijivu. Diski ya mwaka 2006 aliipa D, kwa sababu waliikata juu na chini ili ijaze televisheni, akaandika, "Je, watu wote wa Chaco hawakuwa na paji la uso?" Tulicheka, na aliyeitengeneza hakucheka, lakini kila aliyekwenda kutazama aliona ni kweli.

Ndipo mimi na klabu tukaamua kutengeneza yetu. Filamu ilinakiliwa Buenos Aires picha moja moja, safi na kali, hakuna kilichokatwa, na kazi ya kuondoa uchafu niliichukua mimi, kwenye kompyuta yangu, kwa miezi kumi na minne. Mashine ilizungushia duara kila doa jeupe na kuniuliza kama lifutwe, nami nikajibu lifutwe, maelfu kwa maelfu, na nilipofika dakika ya kumi na moja nilifanya polepole zaidi, kwa sababu uso wa baba ulikuwa umejaa hayo madoa. Ndugu zangu, mimi nimekulia hapa, pamba iliyokuwa ikielea nimeivuta puani tangu nikiwa mchanga, na bado nilidhani ni uchafu wa filamu. Au labda sikudhani, labda nilitaka tu, mara moja, baba aingie ndani akiwa ameshafutwa.

Tarehe 12 Septemba 2015 tuliizindua ukumbini, na mlipiga makofi tangu picha ya kwanza, maana hatukuwa tumewahi kuona kiwanda chetu kikiwa wazi namna ile, hata misumari ya ukuta ilihesabika. Ilipofika dakika ya kumi na moja, kijana yule alipokohoa kwenye mkono wa shati katikati ya hewa iliyotakata, watu walicheka, kwa sababu ilionekana kama mchezo wa kuchekesha. Taa zilipowashwa mwenyekiti wetu, bibi Olinda Scarpín, akasema, "Kabla ya vinywaji, tumsikie mpanga madaraja," na marehemu akasimama na kusema, "F." Mtu mmoja nyuma akauliza kama ni F ya utani. "F ni F," akasema, "hewa imefuliwa." Mimi nikamwambia mbele yenu wote, "Miezi kumi na minne, kaka, na unaniletea F mbele za watu?" naye akanijibu, "Ungeniuliza kabla ya kufua," akachukua kofia yake akatoka.

Nilikasirika, sifichi. Diski ilisifiwa magazetini, makumbusho ya hapa yakaichukua na kuionyesha mchana kutwa, na mimi nikawa napita upande wa pili wa barabara nikiona kofia yake, nikijiambia kwamba mzee huyu amezoea kutoa F mpaka amesahau herufi nyingine.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwaka 2016, kwa kikohozi na kuishiwa pumzi, akatibiwa hapa na kupona nusu, akaugua tena, hadi tarehe 6 Novemba 2018 alipotakiwa kufika hospitali ya Sáenz Peña, na kwa kuwa gari la Nélida lilikuwa bovu, shemeji Ramona alikuja mlangoni kwangu asubuhi akasema, "Shemeji, leta gari. Kununiana mtaendelea mkirudi." Tukaenda. Daktari Itatí Maidana, ambaye ni mtu wa Corrientes na hajakulia kwenye pamba, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kwa heshima kama kazini kwake kulikuwa na vumbi jingi. Marehemu akasema lilikuwepo. "Nauliza, mzee, kwa sababu nimeiona ile picha ya zamani pale makumbusho yenu," daktari akasema, "na hewa ya mle ndani ilikuwa safi kabisa, nikajiuliza kama tatizo si sigara." Kaka yangu hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Alinitazama.

Nilimweleza daktari mimi mwenyewe, nikimwambia kwamba mle ndani ulikuwa huoni mkono wako, na kwamba niliyeisafisha ile hewa ni mimi, na tangu siku ile alimtibu kama mtu wa pamba. Njiani tukirudi nikasema, "Nitairudisha." Akauliza nini, nikasema pamba. Akasema, "Usiirudishe yote kwa jumla, uchafu wa kweli nao upo. Uchafu unakaa kwenye picha moja tu na kupotea, pamba utaiona kwenye picha inayofuata imesogea kidogo." Basi kwa miezi minane tulikaa pamoja kwenye lile dirisha la kusini, tereré katikati yetu, kile kinywaji chetu cha majani ya yerba na maji ya barafu, yeye na mrija wa hewa puani, mimi na kompyuta magotini, tukiyapanga madoa meupe moja moja, hii pamba, huu uchafu, hii pamba, hii pamba, naye akinisema, "Mwalimu mzima, unashindwa na kitu kinachoelea."

Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 15 Julai 2019. Tarehe 21 nilimpelekea wodini kazi yote ikiwa imeunganishwa, maana hadi hapo tulikuwa tumeziona picha zikiwa zimesimama tu, akatazama dakika ya kumi na moja, baba akitoka mlangoni ndani ya ile theluji ya kiwandani, akikohoa, na hakuna mtu duniani angecheka. Aliitazama mara tatu. Kisha akasema, "C." Nikamuuliza kwa nini C, akasema, "Hewa ni sawa. Baba anatembea haraka." Nikamwambia kamera ile ilizungushwa kwa mkono, hakuna anayejua mwendo wake halisi, na mbona kwenye diski nyingine hakulalamika, akasema zile zilikuwa na makosa makubwa zaidi, asingeanza na hilo. "Wewe baba ulimwona amekaa," akaniambia, "mimi nimetembea nyuma yake. Alikuwa akivuta mguu wa kushoto kidogo. Punguza mwendo, weka picha kumi na sita kwa sekunde." Nilimbishia, tukapandishiana sauti, na muuguzi akanitoa nje kama mlevi, na niliondoka pale nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa karibu miaka minne.

Niliimaliza tarehe 31 Julai, lakini kaka alikuwa hafumbui tena macho, na jana Ijumaa tarehe 2 Agosti, saa nne na dakika kumi asubuhi, alifariki akiwa na miaka sabini na mitano, mke wake akimshika mkono.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari Itatí Maidana, na hasa kwa swali lake, wauguzi wa wodi ya kifua, akiwemo aliyenitoa nje, majirani waliompikia shemeji supu wiki tatu mfululizo, wanaushirika waliobeba jeneza, na bibi Olinda na klabu nzima. Kila mwenye ile diski ya mwaka 2015 nyumbani naomba airudishe klabuni, na makumbusho wameshakubali kuiondoa leo. Natamka mbele yenu kama kaka alivyotamka mbele yenu: ilistahili F.

Leo ni Jumamosi, siku ya klabu, na saa kumi na moja jioni, tukitoka makaburini, ukumbi utakuwa wazi na picha itaonyeshwa. Hakuna atakayesimama kuipanga. Hilario, nimeweka kumi na sita. Sijui kama ndivyo baba alivyotembea, nilikuwa mdogo, na aliyekuwa akijua ni wewe peke yako, kwa hiyo nimekuamini. Pumzika, kaka yangu, kifua kimetulia sasa.