Mkono wa Mama Klaudia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko, Mchungaji, wazee wetu wa Muleba, watumishi wenzangu wa hospitali, ndugu wageni waalikwa: poleni na jua.

Mimi Jovina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nimepangiwa kuisifu miwani hii ya uhalisia pepe, inayomwonyesha mgonjwa mahali asipokuwepo, kabla chumba chake hakijafunguliwa. Nitaanza na kosa langu, maana halinipi utulivu.

Mama Klaudia, yule pale kiti cha mbele, ni mkulima wa kahawa wa Kishanda. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Nilimvisha miwani, akaona shamba, akaona mkono ukichuma kahawa mbivu. Akaivua kwa hasira.

“Waitu, jamani, huu mkono wa nani? Naona unachuma, mimi sisikii kitu!”

Nikaandika kwenye faili: mgonjwa amekataa tiba.

Mumewe, Mzee Audax, akaniambia taratibu, “Mwanangu, hajakataa. Amekuambia kinachopungua.”

Je, nilisoma miaka yote ile ili mkulima anifundishe kusikiliza? Naam, ndivyo ilivyokuwa.

Fundi wetu Omary akaunganisha glavu inayotetemeka kila kidole kinapogusa tunda la kahawa kwenye miwani. “Inachelewa,” mama akasema. “Naona kwanza, nasikia baadaye.” Omary akahangaika nayo wiki tatu, mpaka kuona na kugusa vikafika pamoja. Siku hiyo mama alivaa tena miwani na glavu. Kisha kidole chake cha shahada kikajikunja, si ndani ya miwani, bali hapa, mbele ya macho yangu. “Nimeishika,” akasema, akalia. Nami nikalia.

Ndugu zangu, bado sijatulia. Leo mama anamenya ndizi, lakini kisu humponyoka. Miwani ni moja, na kutoka Ngenge peke yake wanaosubiri ni kumi na mmoja. Tutapiga makofi, tule, tuondoke? Na wale wasioweza hata kufika barabarani, nani atawafuata?

Mheshimiwa, naomba jambo ambalo halimo kwenye ratiba. Mkasi huo mpe Mama Klaudia, aushike kwa mkono wa kulia, utepe akate yeye. Ukianguka, mtu asimkimbilie. Tumsubiri auokote mwenyewe.

Nawashukuruni kwa kunivumilia.