Nyumba ya Ufaransa na Blanketi la Wajane

Amani iwe kwenu, mama zangu na dada zangu. Mchungaji ameniomba niseme kwa kifupi, nikamwambia jambo lenyewe halikuwa fupi. Mtanivumilia. Na mkisikia sauti yangu inapanda, jueni sina ugomvi na mtu humu ndani. Ugomvi wangu ni na karatasi.

Wengi wenu mnanijua kwenye benchi lile pale, la wajane. Nimekaa pale miaka mingi, nikaombewa, nikapewa chumvi na sabuni. Na miaka hiyo yote, ndugu zangu, nilikuwa na mume hai.

Tulikimbia Kivu ya Kusini mwaka wa tisini na sita. Njiani watu tulitawanyika, mume wangu akapita njia yake, mimi na watoto wawili tukapita yetu. Nilipofika hapa kambini Nakivale sikujua kama yu hai. Pale mezani pa kuandikishwa wakaniuliza: umeolewa, hujaolewa, au mjane? Fasi ya kuandika kwamba mume amepotea haikuwepo. Mama mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Sema mjane. Wajane wanapewa turubai kwanza." Mvua ilikuwa inakuja na mtoto ana homa. Nikasema mjane. Wala sikulia, nilikuwa nataka turubai.

Mwaka uliofuata kanisa likagawa mablanketi kwa wajane. Likabaki moja, na sisi tukabaki wawili: mimi na mama mmoja mzee wa kijiji chetu, aliyemzika bwana yake kwa mikono yake mwenyewe. Wakanipa mimi kwa sababu ya watoto. Yule mama alinitazama tu, akafunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Baadaye alihamia kambi ya Oruchinga kwa binti yake. Msimsahau, atarudi.

Miaka ikapita. Siku moja mchuuzi wa vitenge, mtu wa kwetu, akatoka mjini Mbarara na namba ya simu kwenye kipande cha boksi. Nikaazima simu, nikapiga, akaitika mume wangu. Alikuwa amefika Ufaransa, anakata nyama kiwandani, analala chumba kimoja na wanaume wengine. Nililia mpaka mwenye simu akaninyang'anya simu yake. Nikarudi nyumbani nikawaambia watoto wafunge midomo. Maana kiwanja changu kilikuwa cha mjane, kadi ya mjane, benchi la mjane. Nilisema nitarekebisha kesho. Na ninyi mnaijua kesho ya namna hiyo.

Ndipo akaja na habari ya nyumba. "Mama watoto, nimepata nyumba," akaniambia. "Ni kadogo, kijijini, fasi ya baridi mingi, lakini iko na vyumba tatu. Nataka siku mutakuja mukute mulango wenu."

Mimi nilidhani nyumba inanunuliwa kama kwetu: mnapatana bei, majirani wanashuhudia, mnakunywa kitu, unaingia. Ufaransa hapana. Kuna mkataba wa kwanza, wenye tarehe ya mwisho. Kuna kungoja benki. Halafu kuna mtu anaitwa notere, ndiye mwenye mihuri ya mauzo, na notere hasogei bila karatasi. Akamwuliza mume wangu kama ameoa. Akasema ndiyo. Basi, lete cheti cha ndoa na karatasi za mke. Cheti chetu kiliungua pamoja na nyumba yetu. Na karatasi yangu ilikuwa moja tu, ile ya kambi, imeandikwa mjane.

Sasa mimi nikafanya nini? Nikadanganya. Leo ofisi imefungwa, kesho mkubwa amesafiri, keshokutwa mashine imekufa. Naye ananipigia kila juma, tarehe inakaribia. Nilipokosa la kusema nikamgeuzia ukali. Saini yangu unaitakia nini? Kuna mwanamke unataka kumweka ndani ya nyumba hiyo? Tarehe ikapita, nyumba wakapewa watu wengine. Na mimi, nawaambia ukweli, nikamkasirikia yeye. Nikawa nasema moyoni, mwanaume gani huyu anashindwa hata kununua nyumba.

Aliyenivunja ni rafiki yake wa kazini, mtu wa kwetu pia. Alinipigia bila mume wangu kujua. "Shemeji, unajua ile nyumba aliikosa namna gani? Wale wauzaji walimwambia andika hujaoa, weka saini leo, mambo yaishe. Akakataa. Akasema, niko na bibi, eko Nakivale, siwezi kumufuta juu ya nyumba."

Nilikaa chini palepale karibu na bomba la maji. Mume wangu alikataa kunifuta kwa nyumba nzima. Mimi nilimzika kwa turubai.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya benchi langu nikasema yote. Mama mmoja akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Wengine walitazama chini. Jumatatu nikaenda ofisini. Kijana wa ofisi akafungua faili, akanitazama, akafungua tena. "Wewe mama, bwana yako alikufa, iko kwa fomu. Sasa amefufuka lini?" Nikamwambia hakuwahi kufa, nilimuua mimi. Hakucheka. Kadi yangu wakaishika mpaka uchunguzi uishe, na bila kadi hakuna posho.

Ule uchunguzi, ndugu zangu, ulinichosha roho. Njoo Jumatano. Jumatano njoo Ijumaa. Nenda Mbarara, ofisi ya kilimani Kamukuzi, wao ndio wanaojua. Kamukuzi wanakwambia rudi Nakivale. Nilikuwa napanda kile kilima na njaa, nashuka na njaa. Na waliotulisha ni nani? Wajane. Wale wale niliowadanganya. Nilikuta sahani ya unga mlangoni, siku nyingine maharage, na hakuna aliyebisha hodi. Iliniuma kuliko matusi.

Kwa kuwa cheti kiliungua, mwanasheria wa Mbarara akataka mashahidi wawili waliokuwepo harusini, waape mbele yake. Mmoja nilimpata hapa kanisani. Wa pili aliyebaki alikuwa yule mama wa Oruchinga. Nikaenda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Blanketi yangu ulichukua. Sasa unakuja kuchukua na ulimi wangu?" Nilikuwa nimebeba lile blanketi, nikampa. Akalisukuma. "Kaa nayo. Utaniletea siku bwana yako ataandikwa muzima." Sikuondoka. Nilikaa mlangoni kwake nikimchambulia maharage kutwa nzima. Jua lilipopunguka akasema, "Kesho tunatoka saa ngapi?"

Kwa mwanasheria akaulizwa kama ana hakika tulioana. Akajibu, "Nilikula wali wa harusi yao. Nyama ilikuwa kidogo, nakumbuka vizuri." Hayo ndiyo yaliyopigwa muhuri, na kwa kiapo hicho ofisi ikanirudishia kadi.

Mnafikiri yaliisha? Mume wangu akapata nyumba ya pili, ya ndugu watatu waliorithi, mmoja wao akagoma kuuza. Tukangoja. Alipokubali, benki ikakataa. Benki nyingine ikakubali, barua ikaja kutoka kwa notere: kwa nini mume na mke wote wamezaliwa tarehe moja Januari? Mnacheka. Nusu ya Nakivale imezaliwa tarehe moja Januari, maana asiyejua siku yake huandikiwa hiyo; nenda kamweleze notere. Nikarudi Mbarara kuapa tena. Na safari hii sikumdanganya mume wangu neno. Nilimwambia na habari ya turubai pia. Akauliza tu, "Hiyo turubai, ilivuja?" Nikasema haikuvuja. Akasema, basi sawa.

Mwaka jana nyumba ikanunuliwa. Paa lake bovu, analitengeneza mwenyewe siku za mapumziko. Mimi bado niko hapa, viza bado, faili liko mezani pa mtu. Nimechoka, siwafichi. Lakini alinitumia nakala ya karatasi ya notere. Imeandikwa jina lake, na kwamba ameoa, na jina langu, mkazi wa Nakivale.

Nawashukuru ninyi wa benchi lile. Mlinilisha mkijua nilichowafanyia, na kuwalipa siwezi. Na ninyi mnaoandikishwa sasa, mtu wako akipotea, sema amepotea, hata kama fomu haina fasi. Kaa mezani hapo ugombane. Usimwandike amekufa ili upate kitu.

Nina moja la mwisho. Yule mama amekuja leo kutoka Oruchinga, amekaa karibu na mlango. Mama, bwana yangu ameandikwa mzima. Blanketi lako hili hapa. Lilitoboka pembeni, nimelishona. Naomba ulipokee.